Kijiti Kinywani mwa Dubu

Mtu wa kwanza kumdanganya Mpelelezi Taisia Pavlovna Korzun siku ile alikuwa meneja wa mgodi, na alimdanganya hata kabla hajamaliza kushuka kwenye lori.

"Pole na safari, Taisia Pavlovna," alisema Rodion Ignatyevich Plyusnin, akimnyooshea mkono mweupe usio na kovu hata moja. "Kila kitu tumekuachia kama kilivyokuwa. Hatujagusa kitu."

Taisia aliutazama mkono ule, akaupa begi lake liushughulishe. Alikuwa amerushwarushwa saa kumi na moja ndani ya lori la magurudumu sita, akavuka mito mitatu isiyo na daraja. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na goti bovu. Katika migodi ya dhahabu ya Kolima, nchi ya barafu, alishachunguza vifo vya kutosha kujua kwamba meneja anayesema hajagusa kitu, huyo ndiye aliyeshika ufagio.

"Marehemu yuko wapi?"

"Handakini, kwenye barafu. Yuko na muuaji wake." Plyusnin alicheka, na alicheka peke yake. "Dubu, namaanisha. Nilimlaza kwa mkono wangu mwenyewe. Hatua nane, risasi mbili."

"Na huyo mnayetaka niondoke naye?"

"Edukin, mlinzi. Tumemfungia kwenye kontena la vipuri. Mweveni, mwenyeji wa huku, mtu wa porini, unawajua wenyewe. Kazi yake ilikuwa moja tu: akae na bunduki jalalani, dubu wasiingie kambini. Akalewa, akalala, kijana wa watu akararuliwa. Hati nimeshakuandalia, wewe ni kusaini tu. Halafu tukale, Kapa amepika supu ya borshi."

Hati yenyewe ilikuwa imechapwa vizuri, haina doa, na Taisia akaichukia hapo hapo. Ilisema kwamba Ijumaa, saa moja asubuhi, Solbon Tsybenov, wa kabila la Waburyati, miaka ishirini na sita, msafishaji wa mitambo, aliuawa na dubu karibu na jalala kwa uzembe wa mlinzi Spiridon Edukin, miaka sitini na tisa. Kwa kosa hilo mtu hufungwa miaka. Mzee wa miaka sitini na tisa akiingia gereza la huko kwa miaka, harudi. Saini yake moja ingemaliza kazi, na borshi ilikuwa bado ya moto.

"Borshi itapoa," alisema Taisia. "Nipeleke jalalani."

Jalalani kulikuwa na dubu watatu na wanaume sita. Wanaume walikuwa kwenye mapumziko ya chakula. Walisimama juu ya kifusi, wanarusha makopo ya maziwa mazito, mmoja anapiga picha kwa simu. Dubu mkubwa alidaka kopo, akalitoboa kwa jino, akainua kichwa akafyonza mpaka tone la mwisho, kisha akawatazama kama bwana anayewatazama vijakazi waliochelewa kuleta chai.

"Hongereni," alisema Taisia. "Siku nne zilizopita mwenzenu kaliwa na dubu, na leo mnawanywesha maziwa."

"Hawa ni wa nyumbani, mama," alisema mwenye simu. "Yule alikuwa mgeni. Meneja kasema."

"Mlimwona akimrarua Solbon?"

"Hatukuona. Tulisikia risasi mbili, tukakimbia. Tukakuta dubu kashalala hapa, kafa, meneja kasimama juu yake. Solbon alikuwa pale, kafunikwa turubai."

"Damu ya dubu ilikuwa upande gani?"

Walitazamana. "Mvua ilinyesha, mama."

"Lini?"

"Jumamosi."

"Na dubu kapigwa Ijumaa. Kwa hiyo Ijumaa nzima mlikuwa na mnyama mwenye risasi mbili asiye na damu, mkakaa mkingoja mvua ije iwape sababu. Mna macho kumi na mawili hapa. Hata kuku wangefanya ushahidi mzuri zaidi."

Plyusnin alikohoa. "Hawa wameingia zamu Juni tu, Taisia Pavlovna. Hawajui dubu."

"Nani alikuwapo kabla ya Juni?"

"Mimi. Kapa mpishi. Na huyo mlevi."

Taisia aliandika majina hayo matatu. Kisha akawatazama tena wale dubu watatu, safari hii kwa darubini. Manyoya yao yalikuwa mafupi, meusi, yanang'aa. Midomo ilikuwa imepakwa zambarau kwa matunda ya porini ya mwisho wa Agosti. Kucha zilikuwa butu, zimeliwa na kiangazi kizima cha kuchimba mizizi na kubomoa vichuguu. Akaandika hayo pia, mstari kwa mstari, huku meneja akisogeza miguu kama mtu mwenye haja.

Handaki lilichimbwa kwenye ardhi ile isiyoyeyuka mwaka mzima, na ndiyo iliyokuwa friji ya kambi. Ng'ombe waliopasuliwa nusu kwa nusu walining'inia kushoto na kulia. Katikati yao, juu ya ubao wa kukatia nyama, walikuwa wamemlaza Solbon Tsybenov.

"Ubao mwingine hamkuwa nao?"

"Ulikuwa karibu," alisema Plyusnin.

Taisia alimwondolea turubai kijana yule polepole, kwa heshima ambayo hakuna aliyemfanyia tangu Ijumaa. Mgongoni na kifuani kulikuwa na mipasuko iliyonyooka. Alitoa rula, akapima. Kati ya mpasuko mmoja na mwingine palikuwa sentimita nne. Akapima wa pili, sentimita nne. Wa tatu, nne. Akaihesabu yote iliyokuwa sambamba, ikafika saba.

"Rodion Ignatyevich, dubu ana vidole vingapi?"

"Vi... vitano, nadhani."

"Unadhani. Umemkaribia hatua nane, na bado unadhani."

Chini ya kucha za marehemu kulikuwa na udongo laini wa kijivu. Hapakuwa na unywele hata mmoja wa mnyama. Taisia alikwangua udongo ule, akautia kwenye bahasha. Alikagua orodha ya vitu vya marehemu: buti, koti la mpira, glavu, saa. Hapakuwa na kofia, na wanaume wote aliowaona jalalani walikuwa na kofia za sufu.

Kisha akamgeukia dubu, ambaye alilazwa pembeni kwenye kichanja cha mbao, bila kupasuliwa, akiwa na matundu mawili ya risasi ubavuni. Manyoya yake yalikuwa marefu, mazito, yamefifia rangi, manyoya ya mnyama aliyetoka kulala majira ya baridi. Kucha zilikuwa ndefu na kali, hazijachimba kitu. Midomo haikuwa na hata alama ya tunda.

"Niletee drili."

"Drili ya nini?"

"Ya kutobolea. Ndiyo kazi yake."

Akatoboa paja. Ncha iliingia kidole kimoja, viwili, kiganja kizima, mpaka mfupani. Kilichotoka kilikuwa unga mweupe mkavu, kama wa mbao. Nyama ya kilo mia mbili haigandi hivyo mpaka kwenye mfupa kwa siku nne, na kila mpishi wa Kolima anajua hivyo. Taisia alimulika tochi kinywani, akatenganisha midomo kwa ukingo wa rula, na pale nyuma, kati ya magego ya kushoto, akaona kitu.

Kilikuwa kijiti cha mwerebi, mti uotao kando ya mito, kirefu kama kidole, kimewekwa kikakingama kati ya meno, hakikuingia kwa bahati. Kwenye ncha yake kulikuwa na vichipukizi vitatu vyenye manyoya laini ya kijivu.

"Takataka," alisema Plyusnin upesi. "Wanakula kila kitu hawa."

"Bila shaka," alisema Taisia, akakitia kwenye bahasha ya pili.

Kontena la vipuri lilinuka girisi. Spiridon Edukin alikuwa amekaa juu ya tairi, mzee mfupi mwenye uso uliochomwa na upepo. Alimtazama mpelelezi, akatazama nyuma ya bega lake kuona kama kuna mwenzake, kisha akasogea kumpa nafasi kwenye tairi.

"Kaa, mwanangu. Goti lako linakuuma."

Taisia alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile mtu kumwambia ukweli.

"Wanasema ulilewa, mzee."

"Mimi nimeacha pombe tangu mke wangu afe. Kapa anajua."

"Wanasema ulilala, dubu akapita."

"Ijumaa Babu hakupita." Edukin hakumtaja dubu kwa jina lake. Waeveni wa rika lake humwita Babu. "Nilikuwa pale tangu alfajiri. Nikasikia trekta nyuma yangu, upande wa handaki. Nikageuka, meneja akaninyang'anya bunduki, akanileta humu; risasi nilizisikia nikiwa nimeshafungiwa. Sijaona kitu. Nilimwambia yule polisi kijana aliyekuja Jumamosi, akacheka. Akasema, mzee, nenda kaongee na mizimu yako."

"Huyo dubu waliyemuua, hukuonyeshwa?"

"Nani anionyeshe? Mimi ni nani?"

Taisia alifungua bahasha ya pili, akakimwaga kile kijiti kwenye kiganja chake.

Mzee alikitazama, akainuka kwenye tairi.

"Mmekitoa wapi?"

"Kinywani mwa dubu."

"Mmemfungua kinywa!" Sauti ilipanda. "Mmemfungua kinywa Babu! Nilikiweka mwenyewe! Mwezi wa tano, wakati mto unapasua barafu! Meneja alileta wageni wake kutoka mjini kwa helikopta, wakampiga Babu ndio kwanza ametoka shimoni, hajanywa hata maji. Wakapiga picha wamemkalia mgongoni. Nikawasubiri wamalize kucheka, nikamwekea kijiti. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yangu. Unaweka mwerebi kati ya meno, unamwomba msamaha, ili asije kumuuma mtu kwa kisasi. Walikuwa wanakunywa, hakuna aliyenitazama. Mgeni mmoja akasema wasimpasue, ngozi yake itakuja kujazwa majani isimamishwe mlangoni kwake kama pambo. Lakini kwenye helikopta hakuenea. Wakamtia handakini."

"Meneja hakujua habari ya kijiti?"

"Meneja hajui hata jina la baba yangu. Miaka sita nipo hapa."

Taisia alizungusha kijiti mwangani. Vichipukizi vya mwerebi vyenye manyoya hutoka mwezi wa tano, vikakaa wiki mbili, vikadondoka. Agosti hakuna mkono duniani unaoweza kuvichuma. Plyusnin angeweza kuficha manyoya, angeweza kukata kucha, lakini hawezi mtu kuficha kitu alichokidharau kiasi cha kutokitazama.

"Mzee, Solbon alikufaje?"

"Sijui. Nisilolijua silisemi." Akafikiri. "Lakini Ijumaa ile Pipa lilisimama, likaanza, halafu likasimama tena upesi. Haliwi hivyo."

Pipa lilikuwa roho ya mgodi: bomba la chuma refu kama nyumba, lenye vyuma sambamba kama wavu wa kuchomea samaki, likizunguka na kuosha changarawe. Taisia alilikuta limesimama. Miguu ya mtu ilionekana ndani, akikwangua udongo wa kijivu ulionata. Kando, juu ya kitufe chekundu cha kuwashia, ilining'inia kofia ya sufu ya kijani.

"Kofia ya nani?"

"Ya aliyemo ndani, mama," alisema yule wa simu, ambaye sasa alikuwa mwendesha mtambo. "Anayeingia anatundika kofia yake. Kufuli tuliomba, hatukuletewa, basi tunatumia kofia. Ikining'inia hapo, hata Mungu habonyezi."

"Na meneja?"

Yule mtu akaivuta kofia yake mpaka masikioni.

Taisia alipima nafasi kati ya chuma na chuma. Sentimita nne. "Ya Solbon ilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu. Mama yake ndiye aliyeifuma."

Jikoni, Kapa, Kapitolina kwa jina kamili, alikuwa anamenya viazi kwa kasi ya mtu anayekimbizwa. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini, macho yamevimba.

"Mimi sijui kitu, Taisia Pavlovna. Mimi ni wa sufuria."

"Nyama unatoa wapi, Kapitolina?"

"Handakini."

"Kila siku tangu Mei?"

"Kila siku."

"Basi kila siku umempita dubu yule. Umempita Juni, umempita Julai. Ijumaa wakakwambia ametoka porini asubuhi hiyo, ukasema amina. Na Spiridon Edukin, anayekupasulia kuni miaka sita, yuko kwenye kontena. Endelea kumenya. Viazi havina lawama."

Kisu kikasimama. Kapa alilia bila sauti, kisha akainuka, akatoa pipa la unga chini ya meza, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Akatoa kofia nyekundu iliyopauka kwa unga.

"Meneja aliniletea mwenyewe, akasema choma. Zamu mpya ilikuwa bado kitandani; mimi nilikuwa dirishani, niliona. Alikuja na kelele zake, msimu unakwisha, barafu inakuja, nani kazima mtambo. Akasema, sitaki ushirikina wa vikofia hapa. Akaivuta, akabonyeza." Alijifuta uso, unga ukabaki shavuni. "Nilisikia kijana anapiga kelele. Kuichoma nilishindwa. Imefumwa na mama yake, ningeichomaje?"

"Utayasema hayo mbele ya hakimu?"

"Nitayasema. Aibu imenitosha."

Plyusnin alikuwa amepanga meza ofisini: samaki wa chumvi, mkate mweusi, chupa. Taisia hakuketi. Alimwekea karatasi tupu.

"Kabla ya kusaini hati yako, nahitaji maelezo yako kwa mwandiko wako. Utaratibu tu. Dubu ulimpiga lini, wapi, alikuwaje."

Plyusnin aliandika kwa raha, akaweka hata sifa. Ijumaa, saa moja na robo, jalalani, dubu aliye hai na mkali, alinirukia, hatua nane, akafa papo hapo. Akasaini kwa mkia mrefu. Taisia aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Ndipo akaweka mezani bahasha ya kijiti, na kofia nyekundu.

Meneja aliitazama kofia kwanza, na rangi ikamtoka. Kijiti hakukielewa, ikabidi aelezwe kama mtoto wa shule.

"Kwa ajili ya kijiti?" alifoka. "Kijiti cha mtu wa porini? Mimi nina diploma mbili!"

"Na huyo wa porini ana kijiti kimoja. Vaa koti, Rodion Ignatyevich. Nafasi uliyomwekea mzee kwenye lori ni yako."

Kutoka ofisini hadi kwenye lori kulikuwa na mita mia mbili, na njia ilipita kando ya jalala. Edukin alitembea mbele, huru, anajinyoosha mgongo. Nyuma yake meneja, na nyuma ya meneja Taisia na goti lake. Walipofika kwenye kona, dubu mkubwa wa maziwa alitoka kwenye vichaka, akasimama katikati ya njia.

Muuaji wa dubu kwa hatua nane alitoa mlio mwembamba. Akamshika Edukin mkono wa koti kwa mikono yote miwili, akajikunja nyuma ya mgongo wa yule mzee, magoti yakigusa tope.

"Mpige! Spiridon, mpige!"

"Bunduki ulininyang'anya wewe," alisema Edukin. Kisha, kwa sauti ya kuongea na jirani: "Babu, pita zako. Leo hapa hakuna maziwa, kuna msiba."

Dubu alinusa hewa, akawatazama wote watatu, hakuona cha kumfaa, akavuka njia akaenda zake.

"Zile zilikuwa hatua thelathini," alisema Taisia. "Andika hilo kwenye diploma ya tatu."

Wanaume walikuwa wamekwisha kumpakia Solbon nyuma ya lori, ndani ya sanduku la mbao mpya. Plyusnin alilichungulia, akarudi nyuma.

"Nikae na maiti? Saa kumi na moja?"

"Ulimlaza siku nne na ng'ombe. Panda."

Edukin alimvuta Taisia pembeni. "Mwanangu, kile kijiti nirudishie. Babu yuko mle kinywa wazi."

"Siwezi, mzee. Ni ushahidi. Kitakwenda mahakamani."

Mzee alifikiri. "Basi nitakata kingine. Vichipukizi havipo mwezi huu. Nitamwambia mwenye makosa ni nani." Akashika njia ya handaki, kisu mkononi.

Injini ya lori ilipowaka, Plyusnin alichomoa kichwa kwenye turubai. Alikuwa bado meneja, au alidhani hivyo.

"Mnasimama nini? Msimu hautungoji! Washeni Pipa!"

Hakuna aliyekwenda kuliwasha. Yule wa simu alikuwa wa kwanza. Alivua kofia yake, akaenda mpaka kwenye kitufe chekundu, akaitundika. Akafuata wa pili, wa tatu. Kapa alitoka jikoni, unga ukiwa bado shavuni, akavua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga juu ya kofia zote.

"Ndani hamna mtu!" alipiga kelele Plyusnin. "Wapumbavu, ndani hamna mtu!"

"Tunajua," alisema yule wa simu.

Taisia aligonga kioo cha dereva, na lori likaondoka.